KIJICHUMA CHA NOTA NA WAPIGA TARUMBETA TUSIOWAJUA MAJINA

Leo stori ya zamani, tunaimalizia Moro, mji kasoro bahari.

Ukicheki picha za bendi za kijeshi za Ulaya, utaona tarumbeta limefungwa kijichuma chenye karatasi. Hicho ni kishikio cha nota. Chini kina fimbo nyembamba, unaichomeka kwenye kitundu cha tarumbeta na kukaza skrubu. Juu kina springi inayobana karatasi. Wazungu wanakiita kinubi kwa sababu ya umbo lake. Karatasi zenyewe zinachapwa ndogo, maana mtu anapiga huku anatembea, stendi ataiweka wapi?

Sasa njoo kwetu. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo 1868, na vijana waliokombolewa utumwani wakafundishwa pale kupuliza tarumbeta. Miaka ya 1880 wakafungua misheni Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, baadaye wakapanda hadi Matombo na Mgeta. Jeshi la Wajerumani nalo lilikuwa na bendi ya askari Waafrika. Huko kusoma nota kulikuwa na mwalimu.

Mtaani ilikuwa habari nyingine. Watu wa pwani waliziangalia bendi hizo wakatengeneza ngoma yao, beni, kuanzia Lamu na Mombasa miaka ya 1890. Kulikuwa na vyama kama Marini na Arinoti, sare kali na vyeo vya kijeshi. Vita Kuu ya Kwanza ikaisambaza bara kupitia askari na wapagazi. Moro yenyewe iliingiwa na majeshi ya Waingereza Agosti 1916. Mpiga beni hakuwa na haja ya kijichuma. Wimbo aliusikia, akaushika, akaupiga.

Kujifunza kwa sikio hakukuishia hapo. Morogoro Jazz ilianza 1944, Cuban Marimba ya Salum Abdallah 1948, na rumba ya Kyuba iliwafikia wanamuziki wetu kwa santuri. Kwa hiyo anayesema asiyejua nota si mwanamuziki, mwonyesheni Moro.

Ila tusijidanganye, sikio lina gharama yake. Karatasi ikikaa kabatini, mjukuu anaweza kuitoa akaipiga. Cuban Marimba tunawasikia mpaka leo kwa sababu walirekodiwa. Wale wapuliza tarumbeta wa beni wengi wao wamekwenda na nyimbo zao, na majina hayakuandikwa popote.

Na leo bado tunafanya yale yale. Kwenye harusi matarumbeta yanapita juu ya gari, tunarekodi bibi harusi na gauni lake, wapigaji wanatokea sekunde mbili tu. Mara nyingine warekodi wimbo mzima. Kisha muulize mzee: unaitwa nani, wimbo huu unaitwaje, nani alikufundisha?

Mtaani kwenu nani anapiga? Mtaje hapo chini.