Bomu la Piazza Fontana na Waliosingiziwa

Mji wa Milan uko kaskazini ya Italia, nao ni mji wa viwanda na biashara kubwa. Nyuma ya kanisa lake kuu, mwendo wa dakika chache kwa miguu, pana uwanja uitwao Piazza Fontana, yaani Uwanja wa Chemchemi, na hapo ndipo ilipokuwapo Benki ya Taifa ya Kilimo. Ijumaa ilikuwa ni siku ya wakulima. Walitoka mashambani wakaja kuuziana mifugo na mazao, wakaandikiana mikataba katika ukumbi wa benki hiyo, na kwa ajili yao benki ile ilikawia kufunga milango wakati benki nyingine zilipokuwa zimekwisha kufunga.

Basi siku ya Ijumaa, tarehe 12 Desemba 1969, saa kumi na dakika 37 za jioni, bomu lililotiwa ndani ya mkoba na kuachwa chini ya meza kubwa ya ukumbini lililipuka. Watu 17 walikufa, wengine papo hapo na wengine baadaye kwa majeraha yao, na 88 wakajeruhiwa. Wengi wa waliokufa walikuwa ni watu wa shamba na wa biashara ya mazao, wenye wake na watoto, ambao hawakuwa na ugomvi na mtu ye yote. Jioni ile ile mabomu matatu yalilipuka mjini Roma. Na huko huko Milan, katika benki nyingine, likaonekana bomu la tano ambalo halikulipuka. Hilo lilikuwa ni shahidi mkubwa kuliko mashahidi wote, kwani lingeonyesha limeundwaje na vifaa vyake vimetoka wapi. Walakini halikuwekwa. Usiku ule ule likalipuliwa kwa amri ya wakuu, na mengi liliyokuwa nayo yakapotea pamoja nalo. Mimi kila nikifika hapa katika tarikhi hii huona vigumu kuamini kwamba ulikuwa ni uzembe mtupu.

Miezi ile nchi ilikuwa na misukosuko. Wafanya kazi wa viwandani walikuwa wamegoma kwa maelfu, na matajiri walikuwa na hofu. Kwa hiyo polisi hawakutafuta mbali. Waliwakamata watu wa chama kidogo kilichokataa kila namna ya serikali, ambao kwao ni anakisti. Mmoja wao alikuwa Giuseppe Pinelli, mfanya kazi wa reli, baba wa mabinti wawili. Hata hakuvutwa kwa pingu. Alipoitwa aliifuata motokaa ya polisi kwa pikipiki yake ndogo mpaka kituoni. Sheria ya Italia ilisema mtu asizuiwe zaidi ya saa 48 bila ya idhini ya hakimu. Yeye alizuiwa zaidi ya hizo, na usiku wa kuamkia tarehe 16 Desemba alianguka kutoka dirisha la ghorofa ya nne ya makao makuu ya polisi, akafa. Mkuu wa polisi akawaambia waandishi wa magazeti kwamba amejiua kwa kuwa hatia yake imedhihirika. Hatia hiyo haikuwapo. Mwaka 1975 hakimu mpelelezi, Gerardo D'Ambrosio, aliamua kwamba Pinelli hakujiua wala hakuuawa, bali alishikwa na kizunguzungu akaanguka. Wako wengi mpaka leo wasioridhika na uamuzi huo.

Mwenziwe Pietro Valpreda, mcheza dansi wa jukwaani, alipata msiba wa namna nyingine. Dereva mmoja wa teksi alisema kwamba alimpakia mtu mwenye mkoba akampeleka kwenye benki, safari ambayo mtu angeweza kuitembea kwa miguu bila ya kuchoka. Kabla ya kupelekwa mbele ya watuhumiwa ili amtambue mtu wake, dereva huyo alikwisha onyeshwa picha ya Valpreda na kuambiwa kuwa ndiye anayepaswa kumtambua. Akamtambua! Magazeti na televisheni vikatangaza kwamba mwuaji amepatikana. Sisi tuliokaa chuoni mbele ya walimu tulifundishwa neno tabayun, kuipeleleza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Watangazaji wale hawakungoja hata siku moja. Valpreda alikaa gerezani miaka mitatu bila ya kuhukumiwa, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1972 akatoka. Kesi ilihamishwa mpaka Catanzaro, kusini kabisa ya nchi.

Ilhali njia ya kweli ilikwisha onekana. Mikoba ya namna ile ile ilikuwa imeuzwa katika duka moja la mji wa Padova siku mbili tu kabla ya mlipuko, na habari hiyo iliwafikia polisi mapema, lakini mahakimu hawakuipata mpaka mwaka 1972. Padova ndipo walipokuwa Franco Freda na Giovanni Ventura, wafuasi wa Ufashisti mamboleo. Mwaka 1979 walihukumiwa kifungo cha maisha. Katika rufani mwaka 1981 wakaachiliwa kwa upungufu wa ushahidi, na mwaka 1987 uamuzi huo ukathibitishwa. Kesi nyingine ikafunguliwa juu ya watu wa kundi lililoitwa Ordine Nuovo. Mwaka 2005 mahakama ya juu kabisa ikatamka kwamba Freda na Ventura ndio waliohusika na mauaji yale, ila hawawezi kushitakiwa tena kwa kuwa wamekwisha achiliwa, na mtu hahukumiwi mara mbili kwa jambo moja. Hivyo hakuna aliyetumikia adhabu ya watu wale 17.

Dhuluma haikukaa upande mmoja. Ofisa wa polisi Luigi Calabresi, ambaye Pinelli alianguka kutoka chumba chake, alishambuliwa kwa miaka miwili katika magazeti kwamba ndiye mwuaji, na tarehe 17 Mei 1972 akapigwa risasi mbele ya nyumba yake. Uchunguzi ulionyesha kwamba wakati Pinelli alipoanguka Calabresi hakuwamo chumbani. Waliomwua walidhani wanalipa kisasi cha asiye na hatia, nao kwa dhana tu wakamwacha mjane mwingine. Wajane hao wawili, Licia Pinelli na Gemma Calabresi, walikutana na kupeana mikono mwaka 2009 mbele ya Rais Giorgio Napolitano, baada ya miaka arobaini.

Mwaka 2019, ilipotimia miaka hamsini, meya wa Milan aliwaomba msamaha jamaa za Pinelli na za Valpreda kwa niaba ya mji, na uwanjani yakatandazwa mawe yenye majina ya wale 17. Katika uwanja huo huo yako pia mawe mawili ya Pinelli, yamesimama pamoja. Moja liliwekwa na wanafunzi na watu wa mji, nalo lasema aliuawa. La pili liliwekwa na serikali ya mji mwaka 2006, nalo lasema alikufa. Yote mawili yanasema hakuwa na hatia.