Difragi: Iliyogoma Karagwe, Iliyofukuzwa Ujerumani

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, Oktoba 14, 2025, mafundi wa kompyuta wa Kayanga na Omurushaka, Karagwe, wanaletewa mashine kuukuu, wenye nazo wakiuliza kama bado zinafaa. Lalamiko ni lile lile: mashine imekuwa nzito. Fundi mmoja wa Omurushaka, aliyeanza kazi enzi za Windows 98 na kuomba jina lake lisiandikwe, hukereka akimsikia kijana anamwambia mteja kwamba dawa ni kupiga window upya. Difragi, programu ya kupanga upya diski, imesahaulika, anasema, na wanaoikumbuka hawajui kwa nini ilikuwa ikigoma.

Kazi ya difragi ilikuwa kuunganisha mafaili yaliyokatika vipande. Diski ya kuzunguka huandika popote penye nafasi, na nafasi ikitawanyika, faili nalo hutawanyika. Ni kama mzee mwenye vishamba vya migomba Nkwenda, Isingiro na Mabira: ndizi zipo, ila siku inaishia njiani. Ndani ya diski anayetembea ni mkono wa kusomea, na mteja anayesubiri barua yake ichapwe ndiye anayelipa kwa muda wake.

Programu za aina hii zilivuma miaka ya 1980, Speed Disk ya Peter Norton ikiwa mojawapo. Mwaka 1993 Microsoft ikaweka ya kwake ndani ya MS-DOS 6, kwa leseni ya Symantec, na Windows 95 ikaileta mezani kwa kila mtu. Tanzania ilikuwa na safari yake. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini, pamoja na televisheni. Mlango ulifunguka kwa upana miaka ya 1990.

Kisa kitamu zaidi kilitokea Ujerumani. Katika Windows 2000, Microsoft haikuandika difragi yenyewe. Ilichukua toleo jepesi la Diskeeper, kazi ya kampuni ya Marekani iitwayo Executive Software. Mkuu wa kampuni hiyo, Craig Jensen, alikuwa muumini wa Scientology, kundi ambalo Ujerumani inaliangalia kwa jicho la mashaka na haikulitambua kuwa dini. Habari ilipotoka, wakubwa wa huko wakashtuka: programu inayogusa kila faili la ofisi ya serikali imeandikwa na nani, na inapeleka nini wapi? Idara yao ya usalama wa mifumo ya habari ikataka ufafanuzi. Wengine waliona ni mateso ya kidini yaliyovikwa koti la usalama. Sijaona popote ushahidi kwamba difragi ile iliiba hata herufi moja, lakini ubishi haukuisha hadi Microsoft ilipotoa maelekezo ya kuiondoa kwenye mashine.

Huku kwetu watu walikuwa wakiibembeleza ikubali kufanya kazi. Kwenye Windows 98 ungekuta mtu amekaa anatazama vile vimraba vya rangi vikisogea, vikifika asilimia kumi vinarudi mwanzo. Kumbe programu nyingine ilikuwa inaandika kwenye diski hiyo hiyo. Hata picha ya kupumzisha skrini ilitosha kuharibu zoezi.

Windows XP ilipokuja, sababu zikabadilika. Difragi yake ilitaka angalau asilimia 15 ya diski iwe tupu, sharti gumu kwa mashine iliyojaa miziki na picha za harusi. Pia ilikataa kabisa kama ukaguzi wa diski, ule uitwao chkdsk, ulikuwa umepangwa na haujafanyika. Hapo ndipo fundi wa Omurushaka anapoinua sauti. Umeme ukikatika faili likiwa linaandikwa, diski inaweza kuwekewa alama kwamba si salama; ukaguzi unasubiri, na difragi haianzi. Kwake, historia ya difragi Karagwe ni historia ya umeme.

Simpingi. Mkoa wetu wa Kagera kwa miaka mingi umevuta umeme kutoka Uganda. Pale Murongo, wilaya jirani ya Kyerwa, ng'ambo ya Kikagati ya Uganda, kituo kidogo cha zamani kwenye Mto Kagera kiliharibiwa katika vita vya 1979, na mahali hapo ndipo ulipojengwa mradi wa sasa wa megawati 14 unaogawanywa kati ya nchi mbili. Hata hivyo, umeme ukikatika, steshenari isiyo na yupiesi, ile betri ya akiba, huzimika pamoja na kazi ya mteja.

Baadaye vimraba viliondolewa, difragi ikawa inajiendesha yenyewe kwa ratiba, na kwenye Windows 8 ikabadilishwa jina. Diski za SSD hazina mkono wa kutembea, na kuzipangapanga ni kuzichosha bure.

Kwa aliye bado na diski ya kuzunguka, utaratibu wa fundi ni huu. Nakili kwanza mafaili muhimu kwenye flashi. Futa takataka mpaka nafasi ipatikane. Andika chkdsk /f, washa upya, uiache imalize hata ikichukua usiku mzima. Funga programu zote, kisha ndipo uiite difragi. Ikigoma tena, huenda diski yenyewe inakufa, na hapo kupiga window hakutasaidia.