Zilipendwa zinarudi madukani: santuri na CD za kwetu zilizotolewa upya, na mambo ya kuangalia kabla hujatoa hela

Wadau wa muziki, swali linalorudi kila mara ni hili: zile nyimbo za taarab, dansi na benga tulizozisikia redioni, leo zinapatikana wapi zikiwa safi? Jibu ni kwamba nyingi zimeshatolewa upya, ila zimetolewa Ulaya na Marekani. Hii hapa orodha fupi kwa kila aina ya muziki, halafu tuseme lile linalosahaulika: nani anatajwa na nani analipwa.

KWA NINI ZINATOKA NJE?

Tanzania enzi zile haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi zilirekodi studio za Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD), nyimbo zikapigwa hewani, kanda zikabaki palepale. Aliyetaka santuri ilibidi atazame Nairobi, kwenye kampuni na mitambo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mpaka 1983. Kwa hiyo urithi wetu umegawanyika: nusu kwenye kanda za redio, nusu kwenye santuri zilizobaki mikononi mwa watu. Wenye kuzikusanya kwa bidii, mara nyingi wamekuwa wageni.

TAARAB

Pa kuanzia ni mfululizo wa Zanzibara wa lebo ya Buda Musique ya Ufaransa, ulioandaliwa na Werner Graebner. Namba 1 ilitoka 2005 kuadhimisha miaka mia ya Ikhwani Safaa ya Unguja, kikundi kilichoanzishwa 1905. Namba 2 ni Mombasa ya 1965 hadi 1975. Namba 4 ni ya Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013. Namba 10 inaunganisha Mombasa na Tanga, 1970 hadi 1990.

Kabla ya hapo, 1988, lebo ya Globestyle ya Uingereza ilitoa taarab ya Zanzibar kwa mafungu, wakiwemo Ikhwani Safaa na Culture Musical Club. Mwaka 1989 ikafuata Nyota, yenye Black Star na Lucky Star za Tanga. Ukitaka kujua kwa nini watu wazima wakisikia jina la Shakila wanatulia, sikiliza hiyo.

Wa zamani zaidi wanapatikana kwenye Poetry and Languid Charm (Topic, 2007), rekodi za Waswahili wa Tanzania na Kenya za miaka ya 1920 hadi 1950. Tukumbuke Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Mambo haya hayakuanza jana.

DANSI

Zanzibara namba 3 ni miaka ya 1960 Tanzania, namba 5 ni Dar es Salaam ya 1978 hadi 1983. Kwa wapenzi wa Mlimani Park kuna Sikinde (Africassette, 1994), na lebo hiyohiyo ya Marekani ikatoa Musiki wa Dansi mwaka 1995. Remmy Ongala, aliyefariki Desemba 2010, ana Songs for the Poor Man na Mambo, zote za Real World ya Uingereza. Hizi mbili hazikuwa marudio. Zilirekodiwa mpya kwa ajili ya soko la nje.

Urgent Jumping! (Sterns, 2016) ni CD mbili zinazochanganya Nairobi na Dar. Kwa mgeni asiyejua aanzie wapi, hiyo inatosha.

BENGA NA NAIROBI

D.O. Misiani, mtoto wa Shirati upande wa Tanzania aliyekuja kuwa mkubwa wa benga Kenya, alifariki Mei 2006. The King of History (Sterns, 2010) imekusanya kazi zake za miaka ya 1970. Kenya Special ya Soundway (2013) ni ya vitu adimu, vile ambavyo hata wenyeji wengi hawakuwahi kuviona.

RAP

Bongo Flava: Swahili Rap from Tanzania ilitolewa na Out Here ya Ujerumani mwaka 2004, pamoja na Maasai Hip Hop ya X Plastaz wa Arusha. Wakati ule watu walicheka kwamba muziki wa vijana hauna maisha. Leo ni kumbukumbu.

USINUNUE KITU KIMOJA MARA MBILI

Hapa wengi wanaliwa. Agwaya ya Orchestra Makassy (1982) ilirudi 2005 kwa jina la Legends of East Africa. Malako ya Samba Mapangala na Virunga ilirudi kama Virunga Volcano. Soma majina ya nyimbo, usisome jina la jalada tu.

Bendi nazo hubadili majina. NUTA Jazz, JUWATA, OTTU na Msondo Ngoma ni mti mmoja, majina yakifuata chama cha wafanyakazi kilichoimiliki.

SASA HELA INAKWENDA KWA NANI?

Hapo ndipo penye kasheshe. Wimbo mmoja una haki mbili: ya utunzi na ya rekodi. Kwa sheria ya Kenya ya 2001, rekodi inalindwa miaka 50 tangu irekodiwe, lakini utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Chukua mfano wa Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Mombasa Januari 1979. Rekodi yake ya 1970 ulinzi umeshakwisha. Utunzi wake bado unalindwa, mpaka mwisho wa 2029. Anayesema "hizo za zamani ni za bure" anasema nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo ya familia.

Tatizo linakuwa kubwa zaidi kwenye bendi zetu za mashirika. Vyombo vilikuwa vya shirika, wanamuziki walikuwa waajiriwa, na mara nyingi kwenye santuri linaandikwa jina la bendi peke yake. Mtunzi asipoandikwa, miaka arobaini baadaye nani atamtafuta mjane wake?

Kwa hiyo toleo zuri lina kijitabu chenye mambo manne: jina la mtunzi, jina la mwimbaji, mwaka, na mahali rekodi ilipotoka, iwe kanda ya studio au santuri iliyochakaa. Likikosa yote, hata sauti iwe safi namna gani, huo ni ukusanyaji wa vyuma chakavu.

Na kwa mwenye kanda au santuri za zamani nyumbani: msiwape watoto wachezee. Andikeni nyuma ya jalada nani alipiga gitaa, nani alitunga, kama mnakumbuka. Wanaojua majina hayo wanazidi kupungua.

Mdau mwenye nyongeza au masahihisho ya majina ya wanamuziki, uwanja ni wako hapo chini.