Nani Atakaa na Bibi?

Zamani, hapa Tanzania, familia nyingi hazikuajiri mtu wa kumtunza mzee. Mjukuu wa kike alipelekwa tu kwa bibi: achote maji, asonge ugali, amkande miguu. Nani alimwuliza yule binti? Thubutu! Halafu ikaja Elimu ya Msingi kwa Wote, 1977, na sheria ya elimu ya 1978 ikamlazimisha mtoto kwenda shule. Safi sana, ila mchana bibi akabaki peke yake. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 nayo ikasema familia ndiyo msingi wa matunzo. Familia ipi, jamani, nasi tuko mjini tunahangaika? Basi tunatafuta dada wa kazi, tunabishania mshahara wake, tunauliza kama anajua kupika. Bibi atakayeogeshwa naye hatumwulizi kama anamtaka.