Maktaba Iliyovuka Bahari: Kumbukumbu na Jirani

Kila usharika unaoadhimisha jubilei hurudi kwenye vitabu vyake. Kitabu cha ubatizo hufunguliwa, kitabu cha ndoa hufutwa vumbi, na mihutasari ya baraza la wazee husomwa upya ili majina na tarehe zipatikane. Katika sura hii tunamwalika msomaji atoke kidogo nje ya mipaka yetu, aitazame maktaba moja ya historia ya sanaa ya Ulaya. Habari zake zinamgusa Martin Luther mwenyewe, nazo zina onyo kwa wote wanaofanya sherehe za kumbukumbu.

Mwenye maktaba hiyo aliitwa Aby Warburg. Alizaliwa mwaka 1866 mjini Hamburg, Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi iliyomiliki benki. Kwa kuwa alikuwa mzaliwa wa kwanza, ilimpasa kushika kazi ya baba yake. Lakini husimuliwa katika ukoo huo kwamba, akiwa na umri wa miaka 13, alimwachia mdogo wake Max haki hiyo kwa sharti moja tu: amnunulie vitabu vyote atakavyohitaji maishani. Esau aliitoa haki yake kwa chakula. Huyu aliitoa kwa vitabu.

Warburg alichunguza jinsi picha na miungu ya Wagiriki na Warumi wa kale ilivyorudi katika sanaa ya Ulaya ya karne ya 15 na ya 16. Aliona kwamba picha haijielezi yenyewe. Anayetaka kuielewa sharti asome pia dini, unajimu, ushairi, na sherehe za watu wa zama hizo. Kwa sababu hiyo hakupanga vitabu vyake kwa kufuata alfabeti ya majina ya waandishi. Alivipanga kwa kanuni aliyoiita ya jirani mwema: kitabu unachokitafuta unakijua, lakini kile unachokihitaji zaidi huenda hukijui, nacho kimesimama kando yake rafuni. Mafungu makuu yakawa manne, yaani Picha, Neno, Mwelekeo na Tendo. Na vitabu vya dini, sayansi na falsafa vikakaa pamoja katika fungu la Mwelekeo. Jengo la maktaba lilipofunguliwa mwaka 1926, juu ya mlango palisomeka neno moja la Kigiriki, Mnemosyne, maana yake Kumbukumbu.

Kutokana na mpangilio huo kilizaliwa kitabu kinachotuhusu sisi Walutheri. Mwaka 1920 Warburg alichapisha utafiti wake juu ya utabiri wa kipagani katika maneno na picha za wakati wa Luther. Humo alionyesha kwamba hata tarehe ya kuzaliwa kwa Luther iligombaniwa. Sisi twaijua kuwa ni tarehe 10 Novemba 1483. Mnajimu Mwitalia, Luca Gaurico, aliisogeza hadi tarehe 22 Oktoba 1484, ili ilingane na mkutano wa sayari ambao wanajimu walisema ungeleta nabii mpya. Melanchthon, rafiki na msaidizi wa Luther, aliuthamini unajimu, Luther aliudhihaki. Hata hivyo, mwaka 1523 wote wawili walitoa kijitabu chenye picha za viumbe vya kutisha, zilizochongwa kwenye mbao na kupigwa chapa, wakizifasiri kuwa ishara dhidi ya upapa na utawa. Warburg hakumdhalilisha Luther, wala hakumsafisha. Alimweka katikati ya majirani zake, na hapo tukamwona kama mtu aliyepigania uhuru wa imani huku miguu yake ikiwa bado katika hofu za zama zake.

Warburg alifariki mwaka 1929. Kazi ikaendelezwa na Fritz Saxl pamoja na Gertrud Bing, waliokuwa wasaidizi wake. Mwaka 1933 chama cha Nazi kikashika utawala, na taasisi iliyoanzishwa na Myahudi haikuwa salama tena. Mwezi Desemba mwaka huo vitabu vipatavyo 60,000 vilipakiwa katika meli mbili ndogo, Hermia na Jessica, vikavuka bahari kwenda London. Mwaka 1944 maktaba ilipokelewa rasmi na Chuo Kikuu cha London. Huko ikaendelea kukua; toleo la pili la katalogi yake, lililochapishwa mwaka 1967, lilijaza majuzuu 12.

Msomaji auzingatie mwaka huo 1933. Ndio mwaka ambao Ujerumani iliadhimisha miaka 450 tangu Luther kuzaliwa. Wakristo wengi walishangilia utawala mpya, na maneno makali ambayo Luther aliyaandika dhidi ya Wayahudi mwaka 1543 yalitumiwa kuhalalisha chuki. Walikuwepo wachungaji waliopinga, lakini hawakuwa wengi. Hivyo nchi iliimba sifa za Luther katika mwaka uleule ambao maktaba ya Myahudi aliyemsoma Luther kwa uangalifu mkubwa ililazimika kuondoka. Kumbukumbu ilikuwepo; jirani alikuwa amesahauliwa.

Hilo ndilo onyo kwetu tunaofikisha miaka mia moja. Ni rahisi kupanga historia ya usharika kwa majina ya wakubwa peke yao: mmisionari, mchungaji, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Lakini kila jina lililoandikwa lina jirani yake ambaye pengine hakuandikwa. Ni nani aliyemfundisha mmisionari lugha yetu? Ni akina mama gani waliobeba maji na mawe ya ujenzi? Ni majirani gani wa dini nyingine waliotupa kiwanja, au waliotuzika pamoja nasi siku za msiba? Je, yupo mtu tuliyemwonea, ambaye jina lake tumeliruka?

Tunapoyafunga madaftari yetu na kuyarudisha kabatini, tuyaorodheshe vizuri, tuyakinge na mchwa na unyevu, na tuwaulize wazee wetu maswali haya wangali hai. Watakaoadhimisha miaka mia mbili watahitaji majina hayo kuliko watakavyohitaji sifa zetu.