Nyoka wa mahindi: Rangi hueleza mengi, lakini si nasaba yote

NYOKA wa mahindi, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Pantherophis guttatus, ni nyoka asiye na sumu ambaye makao yake ya asili ni kusini-mashariki mwa Marekani, kuanzia New Jersey hadi ncha ya kusini ya Florida. Huwaua panya kwa kuwabana. Wapo wanaosema jina lake lilitokana na maghala ya mahindi alimozoea kuwawinda panya hao, na wapo wanaolihusisha na miraba ya tumboni mwake inayofanana na punje za mahindi ya rangi mchanganyiko.

Kwa kuwa ni mpole na huzaana kwa urahisi, ni miongoni mwa nyoka wanaofugwa zaidi majumbani Marekani na Ulaya. Hata hivyo, nyoka huyu akitunzwa vyema huweza kuishi zaidi ya miaka 20, na si kila mfugaji huwa na subira ya kiasi hicho. Baadhi hutelekezwa, kisha huokolewa na kupewa walezi wapya bila stakabadhi yoyote. Ndipo huzuka swali: huyu ni wa sampuli gani ya rangi?

Swali hilo si la urembo tu. Jina la sampuli huathiri bei, na pia hubeba dai kuhusu nasaba ya mnyama. Zipo nasaba zinazojulikana kubeba maradhi ya kurithi, na anayetaja jina bila hakika huweza kumpotosha mfugaji atakayefuata.

Thibitisha spishi kwanza

Nyoka wa mahindi mwenye rangi ya asili huwa na mwili wa rangi ya machungwa au kahawia, wenye mabaka makubwa mekundu mgongoni yaliyozungushiwa ukingo mweusi. Utosini huwa na alama inayofanana na ncha ya mkuki, na tumboni miraba myeusi na myeupe kama ubao wa drafti.

Huko Marekani, mara nyingi watu humchanganya na Agkistrodon contortrix, nyoka mwenye sumu anayepatikana katika maeneo mengi yale yale. Huyu wa pili ana mabaka mapana ubavuni yanayokuwa membamba juu ya uti wa mgongo, na mboni zake ni za wima, ilhali za nyoka wa mahindi ni za duara. Iwapo kuna shaka yoyote, asiguswe mpaka mtaalamu amwone.

Aidha, wafugaji wamewahi kumpandisha nyoka wa mahindi na spishi za jamaa zake. Mahuluti wa namna hiyo huweza kufanana naye sana, na hakuna jina la sampuli linaloweza kumfaa barabara.

Vilevile, nyoka asikaguliwe rangi anapokaribia kujivua gamba. Wakati huo ngozi hufifia na macho huwa na utando wa samawati. Inafaa kusubiri hadi amalize kujivua, kisha atazamwe kwenye mwanga wa mchana, kwani taa za rangi hudanganya jicho.

Rangi ipi imekosekana?

Njia iliyo rahisi ni kuuliza ni rangi ipi kati ya nyeusi, nyekundu na manjano iliyopungua au kutoweka.

Nyoka asiye na weusi wowote huitwa amelanistiki. Macho yake huwa mekundu au ya waridi, na ukingo wa mabaka huwa mweupe badala ya mweusi. Nyoka wa namna hii alinaswa porini North Carolina mnamo 1953. Mwaka wa 1962, Bernard Bechtel, daktari wa magonjwa ya ngozi, alichapisha matokeo ya uzalishaji yaliyodhihirisha kwamba hali hiyo hurithiwa.

Aliyekosa wekundu huitwa anerithristiki. Huwa wa kijivu na mweusi, na macho yake ni ya kawaida. Akikomaa, mara nyingi hupata umanjano shingoni na kidevuni. Sampuli inayoitwa "mkaa" hufanana naye, lakini kwa kawaida haipati umanjano huo. Kwa sababu hiyo ni vigumu kuwatofautisha wakiwa makinda.

Sampuli nyingine hutokana na muungano wa hali mbili. Amelanistiki ikiungana na anerithristiki, hupatikana nyoka mweupe mwenye macho ya waridi, ambaye wafugaji humwita "theluji". Anerithristiki ikiungana na hali inayopunguza weusi bila kuuondoa kabisa, hupatikana "mzimu", mwenye rangi ya kijivu iliyopauka. Karameli, ambayo huufunika mwili kwa rangi ya manjano na kahawia, ikiungana na amelanistiki huzaa "siagi".

Mchoro wa ngozi nao huchunguzwa kando, kwa kuwa hurithiwa mbali na rangi. Kuna nyoka ambao mabaka yao yameungana na kuacha vidoa vya duara mgongoni, na kuna wenye mistari mirefu kutoka shingoni hadi mkiani. Wengine mchoro wao huyeyuka ubavuni. Katika hali hizi, miraba ya tumboni kwa kawaida hutoweka, na hiyo ni dalili muhimu kwa mkaguzi.

Kisichoonekana kwa macho

Hapa ndipo jicho linapofika kikomo chake. Nyingi ya hali hizi hutokana na jeni fiche, yaani jeni ambayo haijitokezi mpaka mnyama airithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Nyoka wawili wa rangi ya kawaida wanaobeba jeni moja fiche wakizaana, kila kinda lina uwezekano wa mmoja kati ya minne wa kuionyesha.

Mnamo 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, walieleza kwamba hali ya amelanistiki inahusiana na kipande cha DNA kilichojipachika ndani ya jeni iitwayo OCA2. Jeni hiyo hiyo inapopata hitilafu kwa binadamu, huleta aina ya ualbino iliyo ya kawaida zaidi katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara. Kanuni ya urithi ni ile ile: wazazi wote wawili huweza kuibeba jeni bila dalili yoyote, na si haki kumlaumu mmoja wao.

Kwa nyoka wa mahindi, hatari hujitokeza zaidi katika ugonjwa unaomfanya apoteze mizani na kupinda kichwa juu kana kwamba anatazama nyota. Nao pia hutokana na jeni fiche, na umehusishwa hasa na nasaba za sampuli ambayo jina lake humaanisha "aliyebusiwa na jua". Anayebeba jeni hiyo huonekana mzima kabisa. Mlezi akimzalisha nyoka asiyejua nasaba yake, huenda akasambaza maradhi hayo pasipo kujua.

Namna ya kuandika rekodi

Nchini Marekani kuna maabara zinazopima baadhi ya jeni za rangi kwa kutumia gamba lililovuliwa. Kwa hivyo, inafaa gamba kavu lihifadhiwe. Pasipo kipimo, rekodi ya uaminifu ni ile inayotaja kilichoonekana pekee, mathalani: "Anaonekana kuwa anerithristiki, nasaba haijulikani." Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yatakayomwongoza mlezi wa baadaye asimzalishe wala kumuuza kwa jina lisilo na ushahidi.

Isitoshe, nyoka aliyefugwa asiachiliwe porini, kwani huweza kupeleka magonjwa kwa wale wa mwituni. Huko New Jersey, spishi hii imo katika orodha ya jimbo ya wanyama walio katika hatari ya kuangamia.

Pamoja na hayo yote, ukaguzi wa rangi hauna haraka. Nyoka aliyeokolewa hutengwa kwanza na wengine, akachunguzwa na daktari wa mifugo kama ana utitiri, majeraha au vipande vya gamba kuukuu vilivyokwama machoni na mkiani. Mara nyingi, ni baada ya kupona na kujivua gamba ndipo rangi yake halisi hudhihirika.