The XYZ Show

The XYZ Show ni kipindi cha runinga cha Kenya cha kejeli ya kisiasa, kinachoigizwa na vikaragosi vya mpira. Kilibuniwa na mchoraji vibonzo Gado (Godfrey Mwampembwa), mzaliwa wa Tanzania, kwa mfano wa Spitting Image ya Uingereza na Les Guignols de l'info ya Ufaransa, na kikaanza kurushwa na Citizen TV mwaka 2009. Vikaragosi husoma habari, hubishana na kuimba.

Kuwakejeli viongozi waziwazi hivyo kulikuwa kugumu enzi za Rais Moi. Kipindi kilipoanza, wapo waliofurahia uhuru wa kufanya hivyo na walioona wazee wanavunjiwa heshima. Miongoni mwa waliofanyiwa vikaragosi ni Uhuru Kenyatta, aliyekuwa mbunge wa Gatundu Kusini.